Usimwonyeshe mpangaji mita ya nyumba nzima

Ukianza kazi ya kusimamia seva zenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu, nyingi ndani ya seva moja), haupiti muda mrefu kabla mteja hajakuuliza: mashine yangu inakula umeme kiasi gani? Ni swali la haki kabisa, na ninataka ulijibu. Asiyeona matumizi yake hawezi kuyapunguza. Ila kipimo kilichomo ndani ya seva ni cha seva nzima, kama nyumba yenye mita moja na wapangaji wengi. Ukikitoa vibaya, mpangaji mmoja anaanza kusoma maisha ya mwenzake.

Mimi niliposhika kazi hii nilipita njia ya mkato. Prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, zina kaunta ya nishati, yaani kihesabio cha umeme ulioliwa, iitwayo RAPL. Linux huionyesha kama faili la kawaida, energy_uj, ndani ya /sys/class/powercap. Ukilifungua unakuta namba moja tu, maikrojouli (sehemu za milioni za jouli, kipimo cha nishati) zilizokwisha kutumika. Nikalegeza ruhusa ili kila programu iweze kulisoma, kisha nikaliingiza kwenye mashine za wateja kama saraka ya kusoma tu. Niliona kwamba kusoma peke yake hakuwezi kumdhuru mtu. Kesho yake mwenzangu aliyenitangulia kazini aliliona, akaniambia funga kwanza, maelezo yatafuata.

Maelezo yenyewe ni haya. Novemba 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz na Chuo Kikuu cha Birmingham, walitangaza shambulio waliloliita PLATYPUS. Kaunta hiyo hujisasisha takriban kila milisekunde moja, na nishati inayoliwa hubadilika kidogo kulingana na amri inayotekelezwa na hata data inayopita. Wakikusanya vipimo vingi mno na kuvichambua, waliweza kutoa funguo za siri za AES na RSA, mbinu za kusimba data, bila kugusa kumbukumbu ya programu iliyozitumia. Udhaifu wa upande wa Linux ukapewa namba CVE-2020-8694, na kerneli, kiini cha Linux, ikarekebishwa ili root, yaani msimamizi mkuu, pekee ndiye asome faili lile. Kwa hiyo ukikutana na mwongozo unaokuambia uanze na chmod, amri ya kubadili ruhusa, kwenye energy_uj, fahamu kwamba unaambiwa ung'oe kufuli lililowekwa kwa sababu.

Njia iliyo salama zaidi ni kumpa mgeni, yaani mashine pepe ya mteja, sehemu yake tu, ikiwa imekwisha kukokotolewa. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kuanzia toleo 9.1 la mwaka 2024, inaweza kufanya hivyo ukiiwashia rapl=true upande wa KVM, sehemu ya Linux inayoisaidia kazi hiyo. Mashine pepe inasoma rejista 0x611, nafasi ndani ya prosesa inayoshika kaunta hiyo, kama ilivyozoea, lakini KVM inalizuia ombi hilo na QEMU ndiyo inayojibu. QEMU yenyewe haipewi mamlaka ya kusoma rejista za kweli. Inaziomba kupitia soketi (njia ya programu kuzungumza) kwa programu ndogo ya pembeni, qemu-vmsr-helper, na hiyo ndiyo pekee yenye ruhusa. Ninaupenda mpango huu kwa sababu mwenye ufunguo ni programu fupi, unayoweza kuisoma yote ukaielewa.

Hesabu inafuata muda wa prosesa. Tuseme prosesa ina kore (vitengo vya kukokotoa) 16, na katika sekunde moja imekula jouli 80. Muda uliokuwepo ni sekunde 16 za kore, na kazi za mgeni wako zimetumia 4. Fungu lake ni robo, yaani jouli 20.

Hapa ndipo wengi wanaridhika mapema. Chukua mgeni huyohuyo, aendelee na kazi ileile, sekunde 4 bila kubadilika. Majirani wakiamka na prosesa ikapanda hadi jouli 120, fungu lake linaruka hadi 30 ingawa yeye hakuongeza chochote. Akiwa mdadisi, ameshajua majirani wako kazini, na wakilala atajua pia. Kusoma mara moja kwa sekunde kunaficha funguo vizuri kuliko milisekunde, lakini hakufichi ratiba ya mtu. Kwa wateja wasiojuana, mimi hutoa wastani wa dakika nzima au zaidi, na namba ninaikadiria kwa kuondoa desimali. Pale ambapo prosesa nzima ni ya mteja mmoja, sikazi sana, kwa kuwa hakuna jirani wa kuchunguliwa.

Mwambie mteja pia kwamba hayo ni makadirio. Mashine mbili zinaweza kutumia muda sawa wa prosesa huku moja ikipiga hesabu nzito za vekta na kula zaidi. Diski, feni na kadi za mtandao hazimo kabisa kwenye kaunta hiyo ya prosesa. Usimtoze pesa kwa namba hiyo.

Ukiandika programu yako ya kusoma, kumbuka kaunta ina biti 32 na hurudi sifuri ikijaa. Soma kizio chake, yaani nishati ya kila hesabu moja, kwenye rejista 0x606, usikikisie. Kikiwa jouli 1 ikigawanywa kwa 16,384, kaunta inajaa baada ya jouli 262,144, ambazo kwa wati 200 ni kama dakika 22. Usiposhughulikia mzunguko huo, grafu itaonyesha wati hasi, na mteja ataacha kuamini hata namba zilizo sahihi.

Kabla hujamfungulia mteja yeyote, washa mashine pepe mbili kwenye prosesa moja. Ya kwanza iendeshe kitanzi kisichobadilika. Ya pili ifanye kazi dakika tano, ipumzike tano, mara kadhaa. Kisha kaa ndani ya ile ya kwanza, uchore grafu ya umeme wake. Ukiona ngazi za ile ya pili zimejichora humo, refusha muda wa wastani, ujaribu tena.