Ukitaka historia ya redio, usimuulize mzee mwaka

Mwaka jana nilikwenda kwa baba mdogo, Nyalenda, Kisumu, na daftari lenye maswali kumi na mawili. Nilitaka anisimulie redio ya taifa ilivyokua. "Baba, redio ilipotaifishwa 1964 ulikuwa wapi?" Akakohoa, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kosa langu. Miaka imeshaandikwa: matangazo yalianza Nairobi 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi, 1961 likaundwa shirika la utangazaji, KBC, 1964 serikali ikalitwaa, likawa Sauti ya Kenya (Voice of Kenya, VOK), 1989 likawa KBC tena. Mzee si wa kukuhakikishia hayo.

Muulize redio ilikaa wapi nyumbani. Hapo mzee akaweka kikombe chini. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ole wake mtoto aliyegusa kile kidude cha kutafutia stesheni. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, jioni zikarudishwa, zikatosha taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ya vifo ndiyo yaliyowajaza majirani dirishani, kila mmoja ametega sikio asije akatajwa wa kwao. Mimi naona hayo yaliipa redio nafasi huku kwetu kuliko hotuba zote za wakubwa.

Sikiliza pia jina analotumia. VOK kwa kawaida ni kati ya 1964 na 1989, ingawa wapo wanaoiita hivyo hadi leo. KBC ndiyo mtego, maana jina hilo lilikuja mara mbili. Uliza tu: "Kabla ya VOK au baadaye?"

Jumapili ile ya 1 Agosti 1982 usiichokoze; itakuja yenyewe. Baba mdogo alimtambua Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyemzoea kwenye mpira, akisema serikali imepinduliwa. Wanajeshi waasi walikuwa wamemlazimisha. "Sauti ilikuwa yake, pumzi haikuwa yake," mzee akaniambia. Alizima redio, akafunga mlango, kisha akaiwasha tena chinichini, sikio limegusa spika.

Sehemu hiyo sina kwenye rekodi. Simu niliiweka mezani karibu na sinia, nikarekodi vijiko. Yako ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali na vyombo, na ujaribu dakika moja kwanza.

Narudi mwezi ujao. Nimeagizwa betri nne, zile kubwa.