Mchungaji wa vijana, tazama mwezi kabla hujapanga ratiba

Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia hasa watumishi wenzangu mliotoka chuo cha Biblia juzijuzi, mkakabidhiwa idara ya vijana huku kanda ya ziwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanye nini vijana waje kanisani? Tangu nianze kuhudumu hapa Mwanza, kati ya Kirumba na vijiji vya mwambao upande wa Kayenze, jibu langu ni lile lile. Jua kwanza kijana wako anafanya kazi gani, anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, na hela yake anaipata lini. Mahubiri yaandae baada ya hapo.

Chukua wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Mwanga unawavuta dagaa juu, wavu unafanya kazi yake. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Ndiyo maana watu wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hawahesabu wiki kama sisi wa mjini, wana giza na wana mbalamwezi. Wakati wa giza kijana anaingia ziwani jioni, anatoka alfajiri, anashusha mzigo, anakula, analala. Jumapili saa tatu asubuhi kengele inapolia, yeye ndiyo kwanza anajifunika shuka. Wazee wa kanisa watakwambia fulani amerudi nyuma. Hajarudi nyuma. Amekesha kazini na amechoka.

Mbalamwezi ikifika mambo yanageuka. Mitumbwi inavutwa nchi kavu na hesabu inapigwa: tajiri mwenye chombo anatoa kwanza gharama zake, kinachobaki wanagawana kwa makubaliano yao. Sasa una kijana wa miaka ishirini mwenye hela mfukoni, hana kazi kwa siku kadhaa, yuko kambini mbali na mama yake. Pombe ipo, kubeti kupo, na kila mwenye cha kuuza anajua kwamba hesabu imepigwa.

Mtumishi, hizo ndizo siku zako. Semina, mkesha, darasa la ubatizo, mechi ya mpira, vyote viweke hapo. Kalenda nyingi za ukutani zina alama ya mwezi mpevu, na kama huna kalenda muulize mvuvi yeyote. Sisi ibada kubwa ya vijana wa mwaloni tuliihamishia jioni katikati ya mbalamwezi, hata ikiangukia Jumanne. Baadhi ya wazee waliguna kwamba tunaabudu mwezi. Tuliwaalika waje waone. Walipokuta vijana ambao hawajawahi kuwaona Jumapili hata moja, maneno yakaisha.

Unapoingia mwaloni mara ya kwanza, piga hodi kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni heshima, na siku ya shida hao ndio watakaokupigia simu. Usiende na spika. Kaa pale wanaposhona nyavu, na ukipewa sindano, shona. Kijana mwenye macho kwenye nyavu husema mambo ambayo hawezi kuyasema akikutazama usoni. Jioni moja kijana niliyekaa naye, bila kuinua kichwa, alisema, “Mchungaji, mtoto wangu yuko Geita, hanijui.” Sikumjibu kwa mstari wa Biblia. Tulishona lile tundu mpaka likafunga, halafu nikamuuliza mama wa mtoto ana simu. Anayo. Hesabu ya safari hiyo ilipopigwa tulikwenda wote hadi kwa wakala, akatuma hela kabla hajapita popote pengine. Baadaye aliendelea kutuma mwenyewe, na siku moja akaomba ruhusa kwa tajiri akaenda Geita.

Jambo moja kuhusu mahubiri yenyewe. Petro na nyavu zake mpumzishe. Kila mhubiri mgeni anayefika mwaloni anahubiri hilo hilo, vijana wanamaliza sentensi kabla yake. Wafundishe Yusufu aliyetunza ghala la mtu mwingine bila kuiba. Wafundishe Danieli aliyefanya kazi chini ya wakubwa wasiomjua Mungu wake. Huko ndiko wanakoishi.

Wengine wana saa zao pia. Bodaboda usiwaite asubuhi wala jioni, huo ndio muda wa abiria. Wafuate kijiweni kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, pikipiki zikiwa kivulini. Wanafunzi wa chuo kule Malimbe na Nyegezi wana ushirika wao na likizo zao, wapende lakini usiwape nafasi ambayo ikibaki wazi miezi mitatu idara inakwama.

Pesa nitaizungumzia kwa kirefu, kwa sababu huduma nyingi za vijana nilizoziona zikivunjika zilivunjikia hapo. Vijana watakukopa. Usikopeshe. Ukimpa mtu, mpe kama sadaka na usahau, maana kijana mwenye deni lako hatakuja ibadani, atapita njia ya nyuma. Na wavuvi watafanya jambo la pili: watakuomba uwatunzie hela zao, kwa kuwa wanakuamini. Hili linagusa moyo, lakini likatae. Simu ikipotea, ukiugua, ukihamishwa, utaeleza nini? Badala yake wasaidie waanzishe kikundi cha akiba: hisa zinanunuliwa siku ya hesabu mbele ya watu wote, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na wewe usiwe mmoja wao. Kikundi kikisimama, nenda nao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Nimekuta vijana wengi wanakopa kwa riba za kuua huku hawajawahi kusikia habari hiyo. Kuwaeleza ni sehemu ya uchungaji.

Kuhusu ushauri wa faragha, binti asikae nawe chumba kilichofungwa. Mlango wazi, mama mchungaji au mama mzee wa kanisa yupo mahali anapoonekana. Siri ya mtu mzima aliyetubu itunze hadi kaburini. Lakini mtoto akikuambia anaumizwa, hiyo si siri tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na anayejua mtoto anaumizwa anapaswa kutoa taarifa. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna simu ya bure namba 116. Utakuta wazee wa pande mbili wameshakaa, wameshataja ng'ombe, wanataka wewe uje uombe tu mambo yaishe. Usiombe maombi hayo. Simama na mtoto, hata kama mzee mmojawapo ndiye mtoaji mkubwa wa kanisa lako.

Na dawa. Mialoni VVU vipo, sote tunajua. Akija kijana akasema ameombewa na amepona, hivyo ameacha dozi, mwambie wazi bila kuzunguka: rudi kliniki leo. Maombi tutaendelea nayo. Vijana wa kambini wanahama wakifuata samaki, leo wako hapa, baadaye wako kisiwani, na wengi hukatisha dawa kwa kukosa njia tu, wala si kwa ukaidi. Mfundishe aseme kliniki mapema kwamba anasafiri, aombe dawa za muda mrefu zaidi au barua ya kuhamia kituo kingine. Akiona aibu, msindikize hadi mlangoni.

Halafu ziwa lenyewe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 200 wakafa. Hayo yaliandikwa magazetini. Mtumbwi wa vijana wanne unaopigwa na upepo usiku hauandikwi popote, na wewe ndiwe utakayeitwa. Mtumbwi ukichelewa kurudi, nenda ukae na mama wa kijana pale ufukweni. Peleka maji, peleka unga, maana watu watajaa na jiko litasahauliwa. Usihubiri. Usiseme Mungu alikuwa na sababu, wala usiruhusu mtu aseme ni adhabu. Ukijua jina la kijana na jina ambalo mama yake alimwita utotoni, hayo mawili yatatosha katika sala. Naumia kila ninapoona vijana wetu wanaingia ziwani bila jaketi okozi huku kanisa likichangisha sare mpya za kwaya. Kwetu mwaka mmoja sare zilisubiri, idara ikanunua majaketi, na kila mtumbwi uliopewa ulikubali sharti moja: anayeingia ziwani analivaa, halikaliwi kama mto.

Mwisho ni nyumba yako. Wachungaji wengi wa vijana hawana mshahara, wana posho inayokuja ikikumbukwa. Kabla hujaanza, kaa na mchungaji kiongozi mkubaliane kwa maandishi unapewa nini na lini, nauli ya mwaloni ikiwemo, na usione haya. Mimi na mke wangu tunafuga kuku wa mayai, na ndio wanaolipa ada. Jumatatu nazima simu hadi saa kumi, mzee mmoja wa kanisa na mwenyekiti wa BMU wana namba ya mke wangu, na wanajua ni kwa ajili ya msiba au mtumbwi usiorudi. Mengine yote yanasubiri hadi saa kumi.