Jibu: Boda kanigonga Mabatini, Mwanza, nimlipe au niende trafiki?

Pole mkuu. Yaani boda akuchomekee Mabatini asubuhi, akwangue mlango wa gari lako, halafu yeye ndiye adai 80,000 ya kutibu goti lake? Usimpe kitu kimyakimya.

Mimi yalinikuta Mkuyuni nikitoka Nyegezi kwenda kazini. Kijana wa boda kaanguka, ndoo ya samaki aina ya sato ya mama abiria wake imemwagika barabarani, na kabla sijashuka boda wenzake wameshanizunguka, mmoja anagonga boneti. Nikapiga picha ya kila kitu, hadi namba ya pikipiki, nikamwita trafiki. Sauti zikashuka zenyewe.

Goti likiwa limechanika kweli, pitieni polisi mchukue PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka majeruhi hospitali), maana hospitali wataiulizia. Halafu kuhusu mlango wako: kama una bima ndogo tu, usitegemee itakutengenezea. Hiyo ni ya kumlipa uliyemgonga wewe. Kosa likiwa la boda, unadai kwenye bima ya pikipiki yake, kama haijaisha (na mara nyingi imeisha, tusidanganyane). Mkiamua kuyamaliza wenyewe, andikishaneni mbele ya trafiki, wote msaini.

Mimi niliishia kulipia sato wanne wa yule mama.