Kakati Inayonata: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Mara ya kwanza nilipogusa kakati yangu ya Krismasi vidole vikanata, sikujiuliza lolote. Nilichanganya maji ya sabuni na kuipulizia asubuhi na jioni kwa siku tatu mfululizo. Matone yalirudi kama kawaida, sabuni ikakaukia juu ya pingili, na kabla ya wiki kwisha vitumba vya maua vilianza kudondoka kimoja baada ya kingine. Mmea ule haukuwa na mdudu hata mmoja. Ulikuwa ukitoa nekta yake wenyewe, na madhara yote uliyopata niliyaleta mimi.

Aina kadhaa za kakati, mpungate ikiwa mojawapo, hutoa nekta hata pasipo na ua. Porini nekta hiyo huwavuta sisimizi, nao kwa kulinda chakula chao huwafukuza wadudu wanaoutafuna mmea. Huonekana kama tone safi linalong'aa, likiwa limekaa mahali pake hasa, yaani kwenye ukingo wa pingili changa, kando ya kitumba au penye shina la miiba. Tone kama hilo hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na hakuna tiba nyingine inayohitajika.

Unataji unaotokana na wadudu una tabia tofauti. Vidung'ata (wadudu wadogo waliofunikwa na nta nyeupe kama pamba), wadudu gamba na vidukari hufyonza utomvu ambao una sukari tele lakini virutubisho vya kujenga mwili ni haba, hivyo hulazimika kunywa kwa wingi ili wapate hicho kidogo, na sukari iliyozidi huitoa ikiwa majimaji matamu. Majimaji hayo hudondoka, na kwa sababu hiyo huyakuta chini ya mdudu, si pale alipojificha. Jambo hili nililielewa kwa kuchelewa: kakati yangu nyingine, ndefu yenye mbavu, nilikuwa nikiikagua kila siku kwenye sehemu zinazonata, kumbe wafyonzaji walikuwa juu yake, karibu na kilele. Inawezekana hata wakawa kwenye mmea mwingine kabisa, unaoning'inia juu ya kakati isiyo na kosa.

Siku hizi naanza na karatasi. Jioni naufuta mmea, nautandikia karatasi nyeupe chini ya chungu, kisha asubuhi naangalia. Matone yakirudi palepale yalipokuwa na karatasi ikawa kavu, nashuku nekta. Karatasi ikiwa na vitone vidogo vingi vilivyotapakaa, natafuta mdudu. Masizi meusi juu ya ngozi ya mmea nayo ni ushahidi, kwa kuwa ni ukungu unaoota juu ya sukari hiyo iliyokaa muda mrefu.

Katika kutafuta, tahadhari na manyoya. Kakati nyingi zina manyoya meupe ya asili penye miiba na kileleni, nayo hupangika kwa utaratibu uleule mmea mzima. Pamba ya kidung'ata hukaa ovyo, na ukiichokoa kwa kijiti cha meno hupakaza na kuacha unyevu. Mdudu gamba naye hufanana na kovu la kahawia, ila hubanduka kwa ukucha, ilhali gome la uzee, ambalo aghalabu huanzia chini ya shina, halibanduki. Kama majimaji ni ya kahawia, yananuka, na nyama ya mmea imelegea, huo ni uozo, na tiba yake ni kisu.

Ukishawaona wadudu, utenge mmea kwanza. Mimi hutumia spiriti ya asilimia 70 na kijiti chenye pamba, nikimgusa kila mdudu hadi pamba yake nyeupe ibadilike rangi. Jaribu sehemu ndogo na usubiri siku moja, na usiurudishe mmea juani kabla haujakauka. Kakati zenye nta ya rangi ya samawati hazifai kupanguswa mwili mzima, maana nta ikishatoka kwenye ngozi ile hairudi.

Rudia kila baada ya siku saba kwa wiki nne au zaidi. Hapa ndipo niliposhindwa: wiki ya pili sikuona kitu, nikaacha, na baada ya miezi miwili nilikuwa palepale nilipoanzia. Kidung'ata jike hutaga mayai kwa mamia ndani ya kifuko chake cha nta, ambamo spiriti haipenyi kwa urahisi.

Safari ya pili niliung'oa mmea chunguni, nikakuta unga mweupe mizizini na kwenye ukuta wa ndani wa chungu. Walikuwa vidung'ata wa mizizi, ambao hakuna kijiti kingewafikia. Niliosha mizizi hadi udongo wote ukatoka, nikaiacha ikauke kivulini kwa siku kadhaa, nikapanda kwenye udongo mpya na sikumwagilia kwa wiki nzima. Sisimizi nao niliwazibia njia, kwa sababu huwalinda vidung'ata ili wapate ule utamu.

Makovu ya manjano yaliyobaki mbavuni hayakufutika, na wala sikutarajia yafutike. Ninachokagua sasa ni kile kipande kipya cha kijani kileleni, ambacho kimeota bila alama.