Maswali na majibu: tumbo la trekta dogo na visiki vya shamba jipya

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wakulima wanaofungua mashamba mapya kabla ya mvua za Novemba, na karibu zote zinauliza kuhusu bamba la chuma la kufunga chini ya trekta. Nimechagua sita.

Nina trekta la nguvu ya farasi 30 na nimefyeka ekari 12 za miombo huku Urambo. Fundi amenishauri nifunge bamba la chuma chini. Liwe na unene gani, na lishikiliwe wapi?

Milimita 5 zinatosha kwa trekta la kimo hicho. Bamba la milimita 3 hupinda kwa pigo la kwanza likagusa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na lile la milimita 10 ni mzigo tu. Piga hesabu kabla hujalipa: kipande cha milimita 5 chenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60 kina uzito wa kilo 28 hivi, kwa hiyo ukiongeza unene mara mbili utakuwa umebeba kilo 56 kila uendako.

Umbo lina maana kuliko unene. Ukingo wa mbele ni lazima ukunjwe kuelekea juu kama ncha ya mtumbwi, ili ukikutana na kisiki uteleze juu yake. Ukingo ulionyooka hujikita kwenye kisiki na kung'oa boliti zote kwa pamoja. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya bamba na sampu, kwa sababu bamba litabonyea siku moja, na hapo ndipo nafasi hiyo itakapookoa injini. Toboa tundu la kufikia nati ya kumwagia oili, na mengine machache ya kutolea maji na udongo. Bora zaidi ligawe vipande viwili, ili mtu mmoja aweze kulishusha peke yake. Bamba zito lisiloshushika kirahisi halishushwi kabisa, na uchafu hujaa juu yake mwaka mzima.

Kuhusu mahali pa kulishikilia, mwambie fundi wako asichomelee chochote kwenye mwili wa trekta. Matrekta mengi madogo hayana chasisi kama gari. Injini, nyumba ya klachi na gia boksi zimefungwa pamoja zikawa ndizo uti wa mgongo, na sehemu kubwa ya uti huo ni chuma cha kusubu, kile kinachopasuka badala ya kupinda. Tumia matundu ya boliti yaliyoachwa na kiwanda ubavuni. Boliti za sampu yenyewe zisiguswe hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kubana gasketi, wala si kubeba mapigo ya visiki.

Trekta langu lina bamba zuri, lakini kisiki kimechomoa paipu ya dizeli shambani. Bamba lina faida gani basi?

Hapa nitakaa kidogo, maana swali hili linagusa jambo ninaloliandika kila mwaka bila kuona mabadiliko.

Msimu uliopita nililala chali chini ya trekta lililokwama katika hali kama hiyo. Kisiki chenyewe kilikuwa chembamba kama kidole gumba, kimekatwa kwa panga mshazari, kikabaki na ncha kali kama mkuki kwa kimo cha goti. Kilikuwa kimepita pembeni mwa bamba, katikati ya gurudumu la mbele na pedali, kikaingia chini ya paipu ya mpira na kuichomoa kwenye filta. Dizeli ilikuwa ikitona juu ya majani makavu. Hakuna bamba duniani linaloziba nafasi hiyo, kwa sababu gurudumu linahitaji pa kugeukia.

Vijiti vya namna hiyo vinatengenezwa na sisi wenyewe. Mtu anafyeka akiwa amesimama, panga linakata mshazari, na shamba zima linabaki limepandwa mikuki iliyofichwa na nyasi. Kisiki kinatakiwa kichimbuliwe kwa sululu, kikatwe chini ya uso wa ardhi na kufukiwa. Tena miti ya miombo haifi kwa kukatwa shina tu: huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi, na baada ya msimu mmoja unakuwa na vijiti vitano pale palipokuwa na mti mmoja. Waliochoma visiki nao wasidhani wamemaliza, kwa kuwa moto hufuata mizizi chini kwa chini na kuacha mashimo ambayo huyaoni mpaka gurudumu la mbele litumbukie.

Kwa hiyo kabla trekta halijaingia, watu wawili walitembelee shamba, wakiwa wameachana mita mbili, wakipapasa nyasi kwa fimbo na kuchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu penye kisiki, jiwe au kichuguu. Ekari 12 zinamalizika kwa siku chache. Bamba ni kinga ya kile kilichowaponyoka macho, si kibali cha kutotazama.

Je, nikivalisha tairi kubwa zaidi mbele trekta litainuka?

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na nawaomba mlihifadhi jibu. Kwa trekta linalovutwa na magurudumu yote manne, tairi za mbele na za nyuma zimepimwa kwenda pamoja kupitia gia. Ukibadili za mbele peke yake, gia na shafti zitapigana kila saa unayolima mpaka kimoja kivunjike. Tena trekta lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi kwenye mteremko. Na wale wanaokata nguzo ya kinga nyuma ya kiti ili wapite chini ya matawi wajue wameondoa kitu pekee kinachomtenga dereva na kifo trekta linapobiruka.

Nipo Karatu, shamba lina mawe. Sampu imepata ufa na oili inatona. Fundi anataka kuchomelea hapo hapo, wengine wanasema nipake sabuni.

Zima injini na usiiwashe tena, hata kwa kulirudisha trekta nyumbani, kwani injini isiyo na oili huweza kukwama kwa dakika chache. Sabuni inaweza kuzuia tone la dizeli kwenye tangi kwa muda, lakini kwenye sampu yenye oili ya moto haidumu. Kama sampu ni ya bati la chuma, ifunguliwe, isafishwe kabisa na kuchomelewa ikiwa juu ya meza. Kama ni ya kusubu au ya aluminiamu, nunua nyingine. Popote mnapochomelea kwenye trekta, chomoeni nyaya za betri kwanza.

Na asiingie mtu chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo mapana, kisha ulisukume uone kama limetulia.

Nina pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono. Niifungie bamba?

Hapana, ng'oa visiki.

Tangu nifunge bamba nasikia harufu ya moshi mchana. Pia ekseli ya mbele imeanza kuvuja karibu na gurudumu.

Harufu hiyo ni nyasi kavu zilizonaswa juu ya bamba, karibu na injini na bomba la moshi. Simamisha kazi leo, lishushe bamba, lisafishe, kisha ulikague kila mapumziko ya mchana wakati wote wa kiangazi. Beba mtungi wa kuzimia moto. Ukilishusha, tazama pia kama kuna oili iliyolowesha udongo ule, kwa kuwa bamba huficha mvujo hadi uwe mkubwa. Ukishuku paipu ya haidroliki, usiipapase kwa kidole: oili ya shinikizo hutoboa ngozi kama sindano, jeraha huonekana dogo, na anayelipuuza anaweza kupoteza mkono. Pitisha kipande cha katoni badala ya kidole, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu ekseli, fungua gurudumu uangalie nyuma yake. Mara nyingi utakuta nyasi ndefu, kamba ya katani au uzi wa nailoni vimejizungusha kwenye shafti na kukata sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja. Vikate kwa kisu, badilisha sili, na upime oili ya ekseli kabla ya kurudi shambani, maana penye kutoka oili huingia maji na matope.