Muulize Fundi: Mizani haina chaja na stika imefutika

SWALI: Fundi habari za kazi. Mie nauza dagaa na sato pale Mwaloni Kirumba, nina mizani ya dijitali niliuziwa na mama mmoja aliyerudi kwao Ukerewe, chaja hakunipa na stika ya chini imefutika yote kwa maji na magamba. Nikaenda mjini, kijana akanichagulia chaja ya volti 12 ati kwa sababu "inaingia". Nimeogopa, sijachomeka. Nichomeke?
– Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Usichomeke mama, na hongera kwa uoga wako. Kuingia si hoja, chaja ya ruta ya volti 5 na ya laptopu ya volti 19 zote zinaweza kuwa na kichwa kilekile cha duara, milimita 5.5 kwa nje, tundu halijui tofauti.

Geuza mizani ufungue kifuniko cha betri. Mizani nyingi za sokoni zina betri ya asidi ya volti 6, ile nzito kama ya taa za chaji, na yenyewe huwa imeandikwa ubavuni. Betri ya 6 ili ijae inataka volti 7 na kitu, kwa hiyo chaja lazima iwe juu ya hapo, mara nyingi ni 9, ila hiyo "mara nyingi" isikufanye ukanunue leo.

Mpelekee fundi redio mwenye mita ya kupimia umeme, aangalie kwenye bodi kapasita kubwa (kile kijipipa kinachotunza umeme) iliyo karibu na tundu la chaja. Ikiandikwa 16V maana yake huo ndio mwisho wake, chaja ilikuwa chini ya hapo, 12 au 9. Ikiandikwa 10V basi hiyo ya kijana ingeweza kuilipua. Halafu atoe betri, apige mita ikiwa kwenye mlio, toka upande wa kapasita wenye mstari, ndio hasi, mpaka kwenye tundu: ikilia kwenye pini ya katikati au ubavuni atajua hasi iko wapi. Hapa ndo wengi tunaungua, mimi mwenyewe niliua redio ya mjomba kwa kugeuza chanya na hasi tu, volti zilikuwa sawa kabisa. Akikuta dayodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zimekaa pamoja baada ya tundu, mita haitalia, na hapo kugeuka hakudhuru.

Ampea zisikusumbue, chaja ya ampea 1 au 2 zote sawa, mizani inavuta inachotaka. Ila zile chaja nzito za zamani zenye koili, ya 9 ukiipima ikiwa haijabeba kitu inaweza kusoma hata 13, usishtuke.

Kingine mama, ukiona lakiri, yaani muhuri, ya Wakala wa Vipimo kwenye skrubu, fundi asiikate kabla hujaenda kuwaona, maana ikikatwa mizani inatakiwa ihakikiwe upya ndo uuzie. Kifuniko cha betri kwa kawaida kinafunguka bila kuigusa. Chaja ikipatikana, andika volti zake kwa rangi ya kucha chini ya mizani, wino wa kawaida magamba yataufuta tena.