Shafti hupindwa au husokotwa?

Swali: Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mkoani, Pemba. Karatasi tuliyopewa mafunzoni yasema: "Mashine ikivuta, mkazo huitia shafti mkazo." Ndicho Kiswahili hicho? Na wenzangu wasema shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha rafadha (panga linalosukuma boti), "inapinda".

Jibu: Sentensi hiyo, ndugu yangu, imempa baba na mwana jina moja.

Kupinda kwanza, maana ni jepesi. Hupinda upinde, hupinda boriti iliyoelemewa. Shafti ikipinda, utaijua kwa mtetemo kabla hujainama kuitazama. Lakini mashine inapovuta huku rafadha imekabwa na maji, shafti husokotwa. Mtazame bibi anayesokota usumba pajani: nyuzi zilizokuwa zimenyooka zinalala mshazari. Chora mstari wa chaki kwa urefu wa shafti, nao utalala vivyo hivyo mashine ikivuta, ila kwa chuma ni kidogo mno, jicho halioni.

Kulala huko kunataka jina lake. Ukivunja, umevunja wewe. Kikivunjika, alama iliyobaki twaiita mvunjiko. Basi sokota itupe sokoteka, na sokoteka itupe msokoteko. Mpotoko ungefaa, lakini kwetu aliyepotoka ni mtoto wa watu. Msokoto nao una wenyewe: tumbo, na wavuta bangi. Kwa hiyo kile kinachosababisha nakiita kwa urefu, nguvu ya kusokota, na mkazo nauacha kwa ile nguvu inayokabana ndani ya chuma.

Mnahitaji majina mbalimbali kwa sababu vitu hivi haviendi sawa siku zote. Ongeza nguvu ya kusokota mara 2, msokoteko nao huongezeka mara 2, maadamu chuma hakijalemewa. Lakini weka shafti yenye kipenyo mara 2, ya chuma kile kile, kwa nguvu ile ile: msokoteko wa ngozi yake hushuka hadi 1/8. Ungeviita vyote "mkazo", mwanafunzi angeelewa kipi kimeshuka?

Na kile kipande cha waya mwembamba kinachobandikwa kwa gundi ili kuupima msokoteko, hukaa mshazari, nyuzi 45 (si za usumba hizi), kwani ndiko ngozi ya chuma inakovutika zaidi.

Karatasi yenu ningeiandika hivi: "Mashine ikivuta, nguvu ya kusokota huitia shafti mkazo, na shafti ikasokoteka."